Siku moja maishani mwangu: kutoka kriketi ya kaunti hadi ubao wa hesabu

Saa 11:45 alfajiri. Goti la kushoto huniamsha kabla ya simu. Mrushaji wa kasi anayetumia mkono wa kulia huukita mguu wa kushoto ardhini kwa nguvu zake zote kila anapoachia mpira, na goti hilo halijasahau hata mpira mmoja. Ni Jumatano ya Juni, huku katikati ya Uingereza, na nje kumeshapambazuka. Jamaa zangu wa Mombasa wakija kututembelea majira haya hulalamika kwamba usiku umekatazwa kuingia.

Kwa wasionijua: nilizaliwa Mombasa. Nilikuwa mtoto wa shule Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Collins Obuya aliiangusha Sri Lanka pale Nairobi kwa wiketi 5 kwa mikimbio 24, yaani aliwatoa wapigaji watano na kuwaachia alama 24 tu, akapata mkataba Warwickshire, timu ya kaunti (mkoa) ya Uingereza, mwaka huohuo. Kwa hiyo nilipoletwa huku kwa ami yangu, kichwani mwangu neno "kaunti" lilikuwa kama Makka. Nikaifikia. Nilicheza zaidi kikosi cha pili, cha kwanza kwa nadra, mpaka mgongo ukakataa na mkataba ukaisha. Nikarudi darasani, nikasoma mwaka wa ualimu, na sasa nafundisha hesabu.

Saa 1:30 asubuhi. Shuleni. Natoa nakala za maswali kabla foleni ya mashine haijawa ndefu. Saa 2:40 naita majina. Wawili wamechelewa, mmoja amesahau tai, mwingine ana tai mbili.

Saa 3:00. Darasa la tisa, wastani. Naandika ubaoni: Don Bradman, mpigaji wa Australia, mikimbio 6,996 katika mechi za kimataifa, mara 80 kuingia kupiga. Wanagawanya, wanapata 87.45. Nawaambia kila kitabu cha kriketi kinasema 99.94. Kelele. Mmoja anadai vitabu vimekosea, mwingine anadai mimi ndiye niliyekosea. Nawaacha wagombane kidogo, kisha naongeza kipande kilichobaki: mara 10 Bradman alimaliza bila kutolewa, na kwenye kriketi unagawa kwa mara ulizotolewa, siyo kwa mara ulizoingia. 6,996 kwa 70. Hiyo hapo.

Halafu nawapa utamu wenyewe. Mwaka 1948, uwanja wa The Oval, Bradman aliingia kwa mara ya mwisho akihitaji mikimbio 4 tu wastani wake utimie 100. Mpira wa pili wa Eric Hollies, mchezaji wa kaunti ya Warwickshire, ukamtoa na sifuri. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida huuliza ruhusa ya kwenda msalani tu, akauliza: "Kwani nani aliamua tugawe kwa 70?" Nusu saa ya somo ikaishia hapo, na sikuijutia. Anayechagua kigawanyo ndiye anayechagua shujaa, na nataka walijue hilo kabla hawajaanza kusomewa takwimu na wanasiasa.

Wastani wangu wa kupiga wanafunzi wameshautafuta nyumbani kwao. Sitautaja hapa.

Saa 5:00. Saa hizi hasa ndipo mechi ya kaunti inapoanza. Siku nne, angalau ova 96 kwa siku (ova moja ni mipira sita), na kazi kubwa ya mchezaji ni kungoja. Unangoja zamu yako ya kupiga, unangoja mvua ikatike, unangoja nahodha akukumbuke. Nilisoma magazeti mengi sana kwa mshahara. Mwalimu hangoji: kati ya somo la pili na la tatu nina dakika za kuchagua kati ya chai na choo. Darasa la kumi na moja wamebakiza karatasi moja ya mtihani wa taifa, na leo hofu yao imegeuka ukimya. Tunafanya milinganyo. Pole pole tu.

Wenzangu huniona kiroja, lakini njia hii ina nyayo za zamani. Frank Tyson wa Northamptonshire aliwatetemesha Waaustralia kwa wiketi 28 katika msimu wa 1954–55, akastaafu mwaka 1960, akahamia Melbourne kufundisha. Dennis Silk wa Somerset aliongoza shule ya Radley kuanzia 1968 hadi 1991. Kulikuwa pia na walimu walioonekana kwenye kaunti mwezi Agosti tu, shule zikiwa zimefungwa, wakimtoa kikosini mtu aliyecheza tangu Aprili kwa ajili ya kulisha watoto wake. Waungwana hao, yaani wachezaji wasiolipwa, walitofautishwa na wachezaji wa kulipwa hata kwa jina, hadi utaratibu huo ulipofutwa baada ya msimu wa 1962.

Saa 7:00 mchana. Kwenye kaunti, dakika 40 za mlo wa moto. Hapa, mkate na samaki wa kopo, nimesimama zamu uwanjani, nikiamua kesi ya mpira uliopotea.

Simu ikalia. Rafiki niliyecheza naye kikosi cha pili, sasa yuko shule ya kulipia: nafasi imetokea, nyumba ipo, viwanja vya nyasi vimenyolewa, kuna hata chumba cha chai. "Ndugu, unangoja nini?" Namwelewa. Wengi wetu tukimaliza huishia huko, kwa sababu kriketi yenyewe iko huko. Tume huru iliyochunguza mchezo huu Uingereza ilieleza mwaka 2023 kwamba asilimia 58 ya wanaume walioichezea England mwaka 2021 walisoma shule za kulipia, hali watoto wa shule hizo ni kama asilimia 7 ya watu wote. Mtoto wa pale hanihitaji mimi. Atampata mwingine kama mimi, tena mwenye goti zima. Nikamwambia nina kikao.

Saa 9:30 alasiri. Mazoezi. Tuna njia moja ya zulia bandia pembeni mwa uwanja wa kandanda, wavu uliotoboka, na helmeti za kuazimana. Wamekuja Wagujarati ambao babu zao walitoka Kampala mwaka 1972, Waafghani wanaorusha mpira kama waliozaliwa nao mkononi, Msomali mrefu aliyeshika gongo kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Na binti wa darasa la nane, mkono wa kushoto, familia yake imetoka Bukavu. Kriketi hakuijua mpaka alipofika hapa. Mpira wake unaingia ndani mwishoni, na wavulana wameanza kukumbuka kazi za nyumbani kila inapofika zamu ya kumkabili.

Sikumbadilishia kitu. Nimemsogeza tu hatua mbili nyuma pale anapoanzia kukimbia. Makocha waliniharibu kwa kunirekebisha kila wiki, kwa hiyo mkono wangu mzito nauweka mfukoni.

Jumapili kuna majaribio ya wasichana wa kaunti. Jina nimeshalipeleka. Viatu nimevipata kwa mwalimu wa michezo. Kilichobaki ni usafiri: treni Jumapili asubuhi haifiki kwa wakati, na shuleni kwetu mwalimu haruhusiwi kumpakia mwanafunzi peke yake garini. Lazima awepo mzazi.

Saa 12:30 jioni. Nyumbani, madaftari. Kaunti walinipima kila jioni kwa namba mbili, mikimbio na wiketi, na gazeti likazichapa. Leo sijui nimeshinda au nimeshindwa. Nasahihisha tu.

Saa 3:10 usiku. Ujumbe wa mama wa yule binti, anayefanya usafi hospitalini. "Mwalimu, nimebadilisha zamu na mwenzangu, nitakuja naye. Lakini niambie kweli, huo mchezo unaisha saa ngapi?"

Nimefikiria siku nne, ova 96, na mapumziko ya chai. Nikamwandikia: "Saa 10, mama. Beba chakula."