Mguu juu ya stuli

Nilianguka kwenye ngazi. Ngazi yenyewe si ya kutisha, ni vile vidato vitatu vya mwisho, mkono mmoja ndoo ya nguo na mkono wa pili simu. Nilichokuwa nakitazama kwenye simu hakina maana hata ya kukitaja. Kifundo kikavunjika, nikafungwa plasta ngumu ya P.O.P. wiki sita, mguu juu ya stuli, macho kwenye skrini. Nimetazama na kusoma mengi zaidi katika hizo wiki sita kuliko miaka miwili iliyotangulia. Ninayoyaandika hapa yanamwaga miisho yote, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu aishie aya hii.

Mwenzangu wa kutazama alikuwa mdogo wangu wa kike, aliyekuja kunisaidia. Ana moyo mzuri na ugonjwa mmoja: hawezi kukaa na mwisho wa hadithi tumboni. "Kaka, hiyo usianze, yule mpelelezi mwenyewe ndiye muuaji." Kitabu chochote anaanza na ukurasa wa mwisho, eti ajue kama safari inafaa nauli.

Yeye ndiye aliyenianzishia tamthilia ndefu, misimu saba, jina silitaji kwa sababu wapenzi wake ni wakali. Msimu wa kwanza ulinishika kweli, nililala saa tisa usiku. Msimu wa pili sawa. Wa tatu, mtu tuliyemzika kwa machozi msimu wa kwanza akabisha hodi, amenyoa ndevu. Nikavumilia. Wa nne akarudi na wa pili. Kuanzia hapo kila aliyepigwa risasi nilikuwa nampungia mkono, tutaonana. Waandishi walikuwa wamejichukulia uwezo wa kufufua, na kilio changu kikakosa pa kwenda. Katikati ya msimu wa tano nikazima.

Ndipo tukaweka Chernobyl, mfululizo wa mwaka 2019. Vipindi vitano tu, na mwisho wake umewekwa mwanzoni kabisa: mwanakemia Valery Legasov anarekodi kanda, anakwenda kuzificha, anarudi, anajinyonga. Dakika chache tu za mwanzo. Nilimtazama mdogo wangu, nikaona amekosa la kumwaga. Tangu hapo swali halikuwa tena nini kitatokea. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl umelipuka tarehe 26 Aprili 1986, dunia nzima inajua. Swali likawa ni kwa nini watu walioambiwa kiini cha mtambo kimelipuka walisema kiko salama.

Kuna kipande kimoja sijakiacha mpaka leo. Wakubwa wanaambiwa mionzi imepimwa, ni roentgen 3.6 kwa saa, na kila mtu anashusha pumzi. Namba inapanda kutoka mdomo hadi mdomo, kutoka chumba cha chini ya ardhi mpaka Kremlin, makao ya serikali ya Kisovieti, na kila anayeipokea anaishika kama dua. Kumbe 3.6 ni mwisho wa kipimo chenyewe. Kile kidude kilikuwa hakiwezi kusoma zaidi ya hapo. Ni kama kumpima mgonjwa homa kwa kipimo kinachoishia 37, kisha unamwambia avae viatu aende nyumbani. Nilisimamisha kipindi nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Nina ugomvi na mfululizo huu hata hivyo. Kipindi cha tano, Legasov anasimama mahakamani na vibao vya rangi nyekundu na bluu, anaeleza namna mtambo unavyopanda na kushuka, na jinsi kitufe cha kuuzima, kwa sababu ya ncha za grafaiti kwenye fito za kudhibiti, kilivyougeuza kuwa bomu. Mimi fizikia iliniacha kidato cha pili, lakini pale nilielewa kila kitu. Baadaye nikaja kujua kwamba Legasov wa kweli hakuhudhuria kesi ile. Ulana Khomyuk, yule mwanasayansi mwanamke, naye hakuwahi kuwapo, amewekwa kuwakilisha wanasayansi wengi. Hilo nimelisamehe kwa sababu mfululizo wenyewe unakiri mwishoni. La mahakamani limenikwama kooni. Kwa muda wa saa tano unanihubiria bei ya uongo, halafu hubiri lenyewe unalitoa kwenye mdomo wa mtu ambaye hakuwapo? Mdogo wangu anasema nimekosa kazi ya kufanya. Ni kweli, mguu ulikuwa juu ya stuli.

12 Angry Men, ya mwaka 1957, tuliitazama kwa sababu ni fupi, dakika 96. Watu 12 wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, chumba kimoja, joto, feni haifanyi kazi. Kijana anashtakiwa kumuua baba yake na wakikubaliana wote ana hatia, anakwenda kwenye kiti cha umeme. Wanapiga kura: 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema hana uhakika. Ndiyo filamu nzima hiyo. Nilitegemea kusinzia.

Siku ya pili niliitazama tena bila sauti, baada ya kusoma kwamba mwongozaji wake, Sidney Lumet, aliishusha kamera hatua kwa hatua. Mwanzo tunawatazama kutoka juu kidogo, kisha usawa wa macho, mwishoni kutoka chini hadi dari linaonekana, na lenzi zinabadilishwa ili kuta zionekane zinawasogelea. Mara ya kwanza nilikuwa nimefungua kola ya shati bila kujua kwa nini. Ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, na hapo ndipo nilipoona wivu hasa, ingawa mimi si mtengeneza filamu wala sitakuwa.

"Sasa nani alimuua mzee?" mdogo wangu akauliza majina ya waigizaji yalipokuja.

"Haisemwi."

"Wewe umeitazama mara mbili."

"Hata ukiitazama mara kumi."

Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo kwa kelele. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameibiwa mwisho.

Kitabu kilikuwa kimoja, ila kimoja chenye uzito: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyotoka mwaka 1994. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza baada ya Gurnah kupewa Nobeli mwaka 2021, na nilikipenda kwa heshima, kama unavyompenda mgeni. Kwa Kiswahili ni habari nyingine. Watu wa ndani ya hadithi hii, wenye duka, wapagazi, mnyapara, mara nyingi walikuwa wakiongea Kiswahili tangu mwanzo; Kiingereza ndicho kilichokuwa mkalimani wao. Utani wa Khalil kule dukani, ambao mara ya kwanza niliupita kwa tabasamu, safari hii ulinifanya niweke kitabu chini. Khalil anatania sana kwa sababu yeye mwenyewe ni rehani. Yusuf naye ni rehani. Ana miaka 12, anapandishwa treni akidhani anakwenda kutembea na Aziz, tajiri anayeamini ni ndugu yao, kumbe baba amemtoa kwa deni. Na hakuna anayemwambia. Khalil ndiye anayemfumbua macho, tena kwa kejeli, kwamba yule si ndugu yako.

Nilisoma polepole sana, kurasa kumi kumi. Safari ya bara nilihisi imerefuka kidogo, nasema wazi, ingawa mtawala wa huko aitwaye Chatu akitokea na kuwanyang'anya mali yao kila kitu kinakaza tena. Mwisho wake nilikuwa naujua. Bado ulinipiga. Wajerumani wanapita na askari wao, wanakusanya watu, Yusuf amejificha, amenusurika. Halafu anawakimbilia, kwa miguu yake. Aliyetolewa na baba bila kuulizwa, uamuzi wake wa kwanza mkubwa ni kufuata bunduki. Nilifunga kitabu, nikakiweka kifuani, na kwa mara ya kwanza sikutamani kuambiwa nini kilifuata.

Parasite, ya mkorea Bong Joon-ho, ilikuwa ya mwisho kabla ya kukatwa P.O.P. Najua nimechelewa, ilichukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza. Ni filamu ya ngazi. Matajiri wako juu, maskini wako nusu chini ya ardhi, na chini zaidi yupo mtu hatukumtarajia. Usiku wa mvua ile familia inashuka, inashuka, ngazi haziishi, maji yanatangulia mbele yao. Mimi na kifundo changu tulishika kiti.

Mwishoni baba amejificha chini ya ile nyumba kubwa. Mtoto, Ki-woo, anamwandikia barua: nitatafuta pesa, nitainunua hiyo nyumba, wewe utapanda tu ngazi. Na tunaona inatokea. Jua, bustani, baba anatoka, wanakumbatiana. Hapo simu ya mdogo wangu ikalia. Akanyanyuka akifuta macho, akaenda kupokea barazani. Kwa hiyo hakuiona picha ya mwisho: kamera inashuka tena kule chini, theluji dirishani, Ki-woo amekaa na barua yake, hana kitu.

Alirudi majina yakipita. "Angalau alimtoa baba yake," akasema. "Nimefurahi."

Wiki iliyopita nilimsikia akimsimulia rafiki yake kwenye simu, mwisho wote, ile nyumba, jua, kukumbatiana. Mimi nilikuwa nafanya zoezi la kupanda ngazi, mkono kwenye ukuta, na nikanyamaza.