Maji Yashatulia?

Samaki wangu wawili wa mwanzo walikufa kwa haraka yangu. Ilikuwa mwaka 2016, Leicester, Uingereza. Nilinunua tangi la kioo, chumvi, mchanga na samaki wa baharini siku moja. Jioni nikakoroga maji, asubuhi yake nikawatia. Wiki haikuisha. Walikaa juu juu ya maji wakitweta, matamvua yamewaiva wekundu, na mimi mtoto wa mvuvi wa Wesha, Pemba, nikawa sijui la kuwafanyia. Niliwazika nyuma ya nyumba, tangi nikalifunika shuka na kuliweka stoo. Miaka miwili nilikuwa nikiingia humo kuchukua ufagio na kulipita bila ya kulitazama.

Novemba 2018 nililitoa. Binti yangu alikuwa na miaka sita, na bahari ya kwao alikuwa hajaiona ila kwenye simu ya babu yake. Nilitaka aione, hata kama ni ya lita 60. Safari hii nilijiwekea sharti: haingii samaki mpaka maji yenyewe yakubali.

Maji ya bomba hayafai kwa kazi hii, yana klorini na yana mengine yanayolisha magugu ya kijani. Nilibeba madumu mawili ya maji yaliyochujwa, lita 25 kila moja, nikayamimina kwenye pipa la plastiki na chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, kilo mbili kasoro kidogo, pampu ikayazungusha usiku kucha. Asubuhi nikadondosha matone mawili kwenye kidude cha kupimia, nikakielekeza dirishani na kuchungulia: sehemu 35 za chumvi kwa elfu. Ndiyo chumvi ya bahari yetu, au karibu yake. Nikachovya ncha ya kidole na kuonja. Nilisimama pale jikoni na kidole mdomoni kwa muda, nisiseme kitu.

Halafu mawe. Mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akilivunja tangi lake aliniuzia kilo sita, kayafunga kwa magazeti yaliyolowa. Ni mawe ya matumbawe yaliyokufa zamani, mepesi kuliko unavyodhani ukiyatazama, yamejaa tobo kama sponji, na humo toboni ndimo wanamokaa bakteria wanaofanya kazi yote. Watu hudhani maji husafishwa na chujio. Kwenye tangi dogo kama langu, wasafishaji ni mawe.

Bakteria nao wanataka chakula kabla samaki hajafika. Nikatoa kamba mmoja mbichi kwenye friza, nikamlaza nyuma ya jiwe aoze.

"Kamba mzima unamtupa?" mke wangu akauliza.

"Simtupi. Nawalisha wasioonekana."

Hakuridhika. Siku ya nne harufu ilipoanza kutoka alifungua dirisha la sebule, Novemba ile, akajifunika mablanketi mawili asiseme neno. Namshukuru mpaka leo kwa dirisha lile.

Kila baada ya siku moja nilipima. Unatia maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unangojea dakika tano. Amonia, sumu inayotoka kwenye kitu kinachooza na kwenye uchafu wa samaki, ndiyo chakula cha bakteria hao; isipokuwepo rangi hubaki njano. Ikiwepo hugeuka kijani. Wiki ya kwanza ilikuwa kijani cha jani la mgomba. Hiyo ndiyo sumu iliyowaunguza matamvua samaki wangu wa 2016, na maji yenyewe ukiyatazama ni meupe, safi, yanavutia. Wiki ya pili kundi la kwanza la bakteria likashika kazi: amonia ikaanza kushuka, ikazaliwa naitriti, kichupa chake kikawa zambarau kama ganda la biringani. Nayo ni sumu. Lipo kundi jingine linaloigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili ikiwa si nyingi, lakini kundi hilo huchelewa kuota. Wiki ya tatu zambarau. Ya nne zambarau.

Binti yangu alivumilia siku tisa. Siku ya kumi niliamka nikakuta samaki saba wa karatasi wamebandikwa kwa utepe nje ya kioo, mmoja ana kope ndefu.

"Hawa hawataki maji," akaniambia. "Watangoja na sisi."

Na kila Ijumaa baada ya sala baba alipiga simu. Nikishamwamkia na kumuuliza mgongo, yeye alikuwa na swali lake moja: "Maji yashatulia?"

"Bado, baba."

"Basi yaache."

Hakuwa akiniambia neno jipya. Baba alitega dema maisha yake yote, na nilimwona utotoni akikaa pale dikoni siku tatu, nne, upepo wa kusi umeyavuruga maji, wenzake wengine wameshatoka, yeye anashona tanga na kutazama rangi ya bahari. Nilikuwa nikiona aibu kidogo wakati ule. Nilidhani anaogopa.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe ambao hasa ndio ulionifanya niandike haya. Nilikuwa nafanya zamu ya jioni ghalani, nafika nyumbani saa saba usiku, watu wamelala, taa ya tangi imejizima zamani. Ilikuwa wiki ya tano. Sikuwa na cha kufanya, nikachukua tochi, nikaifunga nailoni nyekundu, maana viumbe vingi vya baharini havishtuki kwa mwanga mwekundu kama vinavyoshtuka kwa mweupe. Nikakaa sakafuni, macho sawa na mchanga.

Dakika za mwanzo, mawe matupu, yale yale ya mchana. Nikamkumbuka baba na karabai. Usiku wa bamvua maji yakitoka mbali alikuwa akinichukua mwambani kutafuta pweza, na kila tukifika alinishika bega: "Simama. Usikanyage. Tazama kwanza." Tulisimama mpaka miguu inaniwasha, ndipo kile nilichodhani ni jiwe kinapumua.

Nikatulia basi. Kwanza kioo kikaanza kutembea: vidudu vidogo kama vumbi, vyeupe, vinaruka na kutua, uduvi wa uduvi. Halafu kwenye ufa wa jiwe kubwa ukatoka uzi. Uzi wa kijivu wenye mapete meusi, unapapasa hewani, namaanisha majini, kama mkono wa kipofu anayetafuta kitasa. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa tatu. Alikuwa jamaa wa kiti cha pweza, yule mwenye mikono myembamba, mwili wake haufiki ukubwa wa punje ya dengu. Kumbe alikuja ndani ya jiwe, akapona safari ya kwenye magazeti, akapona amonia, akakaa ufani wiki tano tukisema tangi halina kitu. Akajivuta mpaka kwenye ganda la kamba lililobaki, akaliviringisha mkono mmoja, akarudi nalo gizani taratibu.

Nililala saa kumi. Kesho yake nilimwamsha binti yangu kabla hakujapambazuka, tukakaa wote sakafuni na tochi nyekundu, na kuanzia siku hiyo hakuuliza tena samaki wako wapi.

Wiki ya sita amonia ilikuwa njano, naitriti buluu ya mbingu: sumu zote mbili zimekwisha. Nikabadilisha robo ya maji. Januari mchanga na mawe vikafunikwa na ukungu wa kahawia, kila kitu kikaonekana kichafu, nami nikajizuia nisisugue. Ni kawaida ya tangi changa. Ukungu ule hula silika, madini ya mchangani, iliyomo majini, na ikipungua nao unapungua. Nikatia konokono watatu, wakala njia zao juu ya kioo, mistari safi kama iliyopigwa na kidole kwenye vumbi. Februari wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, waliozaliwa matangini, si waliovuliwa. Binti yangu akabandua samaki wawili wa karatasi. Watano akawaacha.

Tumbawe nililingojea mpaka Aprili. Nilikuwa na miaka kumi mwaka 1998 baba aliporudi kutoka kisiwa cha Misali akasema mwamba umekuwa mweupe, kama uliopakwa chokaa. Maji yalikuwa yamepata joto kwa El Nino, na tumbawe likizidiwa na joto huvitoa vijimea vinavyoishi mwilini mwake na kumpa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Kwa hiyo sikutaka kipande kilichobanduliwa mwambani popote pale. Nilichukua kijipande kilichokatwa kwenye tangi la mtu, ukubwa wa kifungo cha koti, tumbawe laini la umbo la uyoga. Nikaliweka pasipo na mwanga mkali.

Siku ya tatu likajikunja. Siku ya tano likavaa utando unaong'aa kama nta, rangi ya majivu. Nikapima chumvi, nikapima joto, nyuzi 25 kamili, nikapima kila nilicho na dawa yake. Vyote sawa. Nilijua kwa kusoma kuwa aina hii hujivua ngozi, lakini kujua hakukunisaidia nikiwa mbele ya kioo. Mkono uliniwasha kuligusa, kulihamisha, kulipuliza. Niliuweka mfukoni.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Utando ulikuwa umeachia upande mmoja, unapepea kwenye mkondo wa pampu kama ukurasa. Chini yake vilikuwa vimetoka vijidole, vifupi, vya rangi ya krimu, kila kimoja na nyota ya ncha nane kichwani. Simu ikalia.

"Maji yashatulia?"

Sikujibu. Niligeuza kamera, nikaisogeza karibu na kioo. Baba akanyamaza muda mrefu. Nilisikia majogoo na pikipiki za Wesha nyuma yake.

"Hilo liko tele Misali," akasema mwisho. Kisha, "Hebu rudi nyuma kidogo. Chini ya jiwe, kushoto. Kile kinachopunga mkono ni kitu gani?"

Binti yangu alikwisha kuichukua simu mkononi mwangu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamwonyesha.