Jumanne tatu, mbio moja

Dada yangu aliyeko Kahama mpaka leo haamini kwamba kuna baiskeli ya mashindano isiyo na breki. Nilimtumia picha, akaikuza, akanijibu kwa sauti: "Mdogo wangu, hiyo ni ya watu waliochoka kuishi." Nikamwambia haina friwili pia. Gurudumu la nyuma likizunguka na pedali zinazunguka, ukitaka kupunguza mwendo unazizuia kwa miguu kidogo kidogo. Huko kwetu watu hubeba abiria na magunia kwa baiskeli kuanzia alfajiri, kwa hiyo breki si jambo la mzaha. Sikumwambia habari ya mvua.

Naishi Freiburg, kusini mwa Ujerumani, na leseni yangu ya mbio ni ya shirikisho la Ujerumani, kwa kuwa leseni hutolewa unapoishi, si ulipozaliwa. Lakini uwanja wa mbio za baiskeli ninaoupenda uko ng'ambo ya mpaka, Oerlikon, mtaa wa Zürich nchini Uswisi. Ulifunguliwa 1912. Ni wa zege, uko wazi juu, na mzunguko mmoja ni mita 333 na kidogo. Kona zake zimeinuka zaidi ya nyuzi 40, ukisimama chini yake unaona kama ukuta umeegemea mbingu. Kiangazi kunakuwa na mbio Jumanne jioni. Watu wazima kwa watoto huja kukaa kwenye majukwaa, soseji zinachomwa, na sisi tunazunguka. Sharti ni zege kuwa kavu. Likilowa hakuna mbio, wala hakuna wa kulalamika, maana tairi nyembamba kwenye kona ya namna ile ikiteleza inakushusha mpaka chini, na wa nyuma yako hana breki.

Jumanne ya kwanza nilifika Basel, mji wa Uswisi ulio mpakani, nikakuta taarifa kwamba mbio zimefutwa. Tiketi yangu ilikuwa ile ya bei nafuu isiyorudishwa pesa. Nikanunua chai, nikageuza. Jumanne ya pili nilijifanya mjanja: asubuhi utabiri ulisema uwezekano wa mvua ni asilimia 70, nikabaki nyumbani. Jioni mwenzangu wa mazoezi akanitumia picha akiwa uwanjani, amekunja mikono ya jezi, jua limempiga usoni. Hiyo iliniuma kuliko ile nauli.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba asilimia hazinisaidii. Mvua ya kiangazi kule ni ya ngurumo. Joto linapanda mchana kutwa, alasiri mawingu yanavimba, inanyesha nusu saa kana kwamba imetumwa, halafu basi. Sihitaji kujua kama itanyesha. Nahitaji kujua itanyesha saa ngapi, kwa sababu zege lenye joto likipata upepo linakauka upesi. Ikinyesha saa 11 jioni, mbio za saa 1 zinaweza kuchelewa tu. Ikinyesha saa 1, kwaheri. Basi nikaacha utabiri wa asubuhi, nikaanza kutazama picha za rada kuanzia saa 6 mchana, niangalie mawingu yako wapi na yanatembea kwa kasi gani.

Jumanne ya tatu rada ilionyesha bonge la wingu upande wa magharibi. Kwa hesabu yangu lingepita Zürich kati ya saa 10 na saa 12. Nikakata tiketi ya kawaida, ghali zaidi, inayoniruhusu kupanda treni yoyote, nikaondoka saa mbili kabla ya muda niliozoea. Baiskeli niliifungua magurudumu nikaitia kwenye mfuko wake. Ikiwa hivyo inahesabiwa mzigo wa mkononi, haikatiwi tiketi, na treni ikikwama unaweza kuhamia nyingine bila kugombania nafasi ya baiskeli. Pesa taslimu nilibadilisha kabisa kuwa faranga. Soksi jozi tatu, kila jozi kwenye mfuko wake wa nailoni. Wenzangu hucheka mifuko yangu ya nailoni. Wacheke.

Ilikuwa bahati kuondoka mapema. Kabla ya Basel treni ilisimama katikati ya mashamba ya mizabibu dakika 40, mti umeanguka relini. Mvua ilikuwa inapiga madirisha kwa ubavu. Kitu kigumu pale ni kutokata tamaa kwa kuangalia dirishani. Mvua iliyoko kwako siyo iliyoko uwanjani, na ya uwanjani saa hizi siyo ya saa 2 usiku. Nilifunika simu, nikala wali wangu nusu, nusu nikauacha kwa ajili ya baadaye.

Oerlikon nilifika saa 12 na nusu. Uwanja ulikuwa unang'aa kama kioo. Watu wasiopungua kumi walikuwa kwenye njia na mafagio yenye mdomo wa mpira, wanasukuma maji kuelekea ndani, na mmoja na mashine ya kupuliza majani, anaipitisha kwenye kona polepole kama anayepiga pasi. Vijana kadhaa walikuwa wameshaanza kupasha misuli kwenye rola, yale magogo yanayozunguka chini ya magurudumu ukikanyaga pedali bila kwenda popote, chini ya jukwaa, majasho yanawatiririka. Nikataka kujiunga nao. Mzee mmoja wa Kiswisi, aliyewahi kushindana zamani katika mbio ambazo baiskeli hufuata pikipiki inayoikinga upepo, akanishika bega: "Kijana, wewe bado. Kaa na koti lako. Mistari ya rangi ikikauka ndipo upande." Alinionyesha ukanda wa bluu chini kabisa ya njia. Maji yote ya kona huteremkia pale, na rangi ikilowa inateleza kuliko zege lenyewe. Nikawa naenda kuugusa kwa kiganja kila robo saa, kama mtu anayeangalia ugali.

Wakati huo nilifanya kazi moja tu ya maana. Upepo ulikuwa umebaki baada ya mvua, na kwenye uwanja wazi ina maana upande mmoja unasukumwa na upande wa pili unapigwa kifua. Gia yangu ya nyuma ilikuwa ya meno 15. Nikaitoa, nikafunga ya 16 ili pedali ziwe nyepesi, mbele nikaacha 50. Spana namba 15, nati mbili, kuvuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo ukibonyezwa uchezeke kidogo tu, kukaza. Vidole vilikuwa baridi na nati moja ilinitoroka ikabingirika mpaka kwenye dimbwi. Upepo wa tairi nikaupunguza kidogo.

Walioanza rola mapema walipoa, wakarudi tena, wakapoa tena. Wawili walikata tamaa wakafungasha. Mimi nilipanda rola dakika 20 tu, baada ya mwamuzi kuzunguka njia nzima kwa miguu na kuinua dole gumba.

Mbio zilipunguzwa zikawa mizunguko 30, yaani kilomita 10. Tulianza saa 2 na dakika 20. Mizunguko mitano ya kwanza hakuna aliyethubutu kushuka karibu na ukanda wa bluu, na mimi nilikuwa nashika usukani kwa nguvu kama nimebeba mayai. Kisha mmoja akashambulia upande wa upepo wa nyuma, kundi likarefuka, na ile gia nyepesi ikaanza kunilipa. Kwenye upepo wa mbele wenzangu wenye gia nzito walikuwa wanayumba mabega, mimi miguu inazunguka tu. Upande wa pili walinilipizia, lazima niseme ukweli. Nilikuwa nadunda kwenye kiti kama niko barabara ya vumbi. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilinikuta wa kumi na moja, nikapita watatu kwa juu ya kona.

Nilikuwa bado napoza miguu pale tone la kwanza liliponiangukia kwenye kiwiko. Nilipofika kwenye mfuko wangu lilikuwa limeshageuka kuwa mvua kamili, na mbio mbili zilizobaki zikafutwa.

Nilifika Freiburg usiku wa manane. Dada yangu, ambaye kwao saa iko moja mbele ya huku, akawa macho.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa nane."

"Na hiyo mvua uliyokuwa unaikimbia?"

"Ya tisa."