Nilivyofufua taa za kujificha za lori la M35A2

M35A2 ya Jeshi la Marekani hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Taa za kujificha ni taa hafifu za kijeshi, za kusafiria usiku bila kuonekana na adui. Nilianza kwa kuchomoa waya hasi wa betri, kisha nikafuata namba zilizo kwenye vibati vya waya. Namba 15 inaleta umeme kwenye swichi, 19 inakwenda taa ya kuendeshea gizani, 20 taa ndogo za mbele, 23 taa ya breki ya kujificha na 24 taa ndogo za nyuma. Vibati hivi vitunze kama mboni ya jicho. Vikipotea, kazi ya saa moja inakula siku nzima.

Taa zote nne ndogo zilikuwa zimekufa. Niliporudisha betri na kugeuza swichi, mita ilisoma volti 24 kwenye waya 20 na 24, kwa hiyo swichi ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha lori. Taa hizi hazina waya wa kurudi: umeme hurudi kwa bodi ya taa na bolti zake, na lori likipigwa rangi upya, rangi huingia katikati na kuzuia njia. Nilifungua kila taa, nikasugua chuma kwa msasa pale bolti inapokaa, nikaweka washa yenye meno, nikapaka grisi kidogo juu. Ndani nilisafisha holda ya balbu na kubadilisha gasketi zilizokauka, maana maji yakiingia kutu hurudi haraka.

Balbu ni 1251, ya volti 28. Ukiweka ya volti 12 itaungua papo hapo. Ukiweka yenye mwanga mkali, umeharibu maana ya taa yenyewe: dereva wa gari la nyuma hupima umbali kwa kutazama taa zako ndogo za nyuma. Akiona jozi mbili za nuru, yuko chini ya futi 60. Jozi moja, kati ya 60 na 180. Taa moja tu, ameachwa mbali.

Kwenye swichi ya nyenzo tatu, lazima ushikilie wenzo wa kufungulia ndipo uhamie taa za kawaida. Mchana weka kwenye STOP LIGHT. Ukiacha OFF, au kwenye taa za kujificha, taa za breki za kawaida haziwaki kabisa, na gari lililo nyuma yako halitajua unasimama. Kabla ya kuingia barabarani, mtu asimame nyuma akague unapokanyaga breki.