Jumamosi ya mabishano juu ya Tempels

Swali liliandikwa ubaoni kwa chaki, la aina inayojibiwa kwa ndiyo au hapana: je, falsafa yaweza kuwapo bila mtu anayejulikana kuwa ndiye aliyeifikiri? Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Juni, Lubumbashi ya miaka ya tisini, katika baridi ile ya kiangazi cha Katanga inayowafanya watu wasivue makoti mpaka jua lipande. Padri aliyetufundisha falsafa, Mfransiskani mzee wa kanzu ya kahawia, alikuwa ametutangazia mapema kwamba siku hiyo hakuna somo. Tungebishana kwa utaratibu uliotokana na vyuo vya Ulaya vya karne ya 13, na wa kubishaniwa alikuwa mwenzake wa shirika, Placide Tempels.

Juu ya Tempels alitupa yaliyo lazima tu. Alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, akaingia kwa Wafransiskani, akapata upadri mwaka 1930, akafika Kongo mwaka 1933 na kuishi kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1945 papa hapa mjini, enzi hizo mji ukiitwa Elisabethville. Dai lake kubwa ni hili: Mzungu huona kwamba kitu kipo kwanza, halafu ndipo kiwe na nguvu, Mbantu huona kwamba kuwapo kwenyewe ni nguvu, tena nguvu inayoongezeka, inayopungua, inayogusa nguvu za wengine. Askofu de Hemptinne wa Katanga alikipinga kitabu hicho. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1946, akakaa huko mpaka 1949. Baadaye, Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, ndipo Jamaa, harakati ya Kikatoliki ya wanandoa, ilipozaliwa, na mafundisho yake yakaenda kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Darasani wapo waliokuwa na shangazi au mjomba wa Jamaa, kwa hiyo jina halikuwa geni.

Utaratibu wenyewe ndio uliochukua muda. Mmoja wetu aliwekwa kuwa mjibu, akasimama upande wa kulia wa ubao. Wapinzani walibaki kwenye viti. Mpinzani hutoa hoja moja tu kwa zamu, yenye sentensi tatu: dai kuu, dai dogo, hitimisho. Mjibu haruhusiwi kujibu kabla ya kuirudia hoja ile kwa maneno yake mwenyewe, na mpinzani akiri: “Ndivyo nilivyosema.” Asipokiri, mjibu anarudia upya. Hapo tu ndipo anapochukua kila dai peke yake na kutamka moja kati ya mambo matatu: nalikubali, nalikataa, au natofautisha. Akisema natofautisha, lazima aonyeshe ni kwa maana ipi dai ni kweli na kwa maana ipi si kweli. Kulishambulia hitimisho ni marufuku, maana hitimisho huanguka lenyewe pale dai mojawapo linapoanguka. Ukiligusa hitimisho bila kugusa dai, umeonyesha tu kwamba hukulipenda.

Mambo huharibika mahali pale pale kila mara. Mjibu huirudia hoja ikiwa dhaifu kuliko ilivyotolewa, kisha anaibomoa kwa furaha, na mpinzani akiwa mpole ananyamaza. Au mpinzani anafunga hoja mbili katika kifurushi kimoja, mjibu anajibu ile nyepesi, na ile nzito inapita bila kuguswa. Padri alisikiliza hayo tu. Kila hoja ilipokubaliwa kuwa imesemwa sawasawa, alishika fundo moja la kamba ya kiunoni mwake. Kamba ya Mfransiskani ina mafundo matatu, na hoja alizotaka zilikuwa tatu.

Ya kwanza: falsafa hudai mtu wa kuulizwa na kujibu, kabila zima haliwezi kuulizwa wala kujibu, basi kabila halina falsafa. Ya pili: pasipo mabishano hapana falsafa, Tempels anasema Wabantu wote wanaona hivyo hivyo, basi alichokieleza si falsafa. Hii inafanana na lawama ya Paulin Hountondji, Mbenini aliyepinga wazo la watu wote kufikiri kwa sauti moja. Ya tatu ndiyo iliyouma: mawazo ni ya yule anayeyapanga; Tempels aliandika kwamba ni wao, Wazungu, watakaoweza kuwaeleza Wabantu kwa usahihi fikra zao za ndani; basi falsafa ile ni yake, si yao.

Mjibu alikuwa akihangaika na hoja ya pili, akitaka kulikataa dai kuu, lisilokatalika kirahisi. Ndipo mwenzetu mmoja, Mluba wa upande wa Kamina, akaomba ruhusa. Alisema dai la kukataa ni lile dogo, kwamba wote wanaona hivyo hivyo. Baba zake wakubwa wawili, kwenye matanga ya babu yao, walibishana usiku kucha kama marehemu huendelea kuwa na nguvu asipopata mtoto wa kubeba jina lake. Mmoja alisema hufifia mpaka akaisha. Mwingine alisema jina likikosa mtu hubaki kwenye ardhi yake. Walipeana sababu, tena sababu nzuri, na wazee wengine waligawanyika.

Padri alimsimamisha. “Rudia, ndugu yangu, polepole.” Akayaandika maneno yake ubaoni jinsi alivyoyatamka, kisha akatueleza kwa nini yanatosha: dai lenye “wote” huangushwa na mfano mmoja wa kweli. Kwa pigo hilo hilo hoja ya pili ilikosa msingi, na Tempels akapoteza lile neno “wote” alilolijengea kitabu. Nimesoma mengi tangu siku ile dhidi ya Tempels na ya kumtetea, na bado naona matanga yale ya Kamina yalikata ndani zaidi.

Kwa desturi ya chuo kikuu cha Paris cha karne ile, mwalimu hakuamua siku ya mabishano. Aliamua katika kikao kilichofuata. Padri naye alisubiri Jumatatu. Aliikubali hoja ya kwanza kwa nusu: kabila halijibu, lakini wazee wale wawili wana majina na wanaweza kuulizwa. Juu ya ya tatu alitusomea Tempels mwenyewe anapoiita kazi yake dhana ya kujaribiwa, jaribio la kwanza tu, akasema mtu aliyeandika hivyo ameomba kujibiwa, na wa kumjibu kwanza ni wale aliowasemea. Kisha akagawa karatasi. Kila mmoja aandike swali lake, hoja tatu za kupinga, neno moja la upande wa pili, uamuzi, na jibu kwa kila hoja, vyote kwenye ukurasa mmoja. Aliyejibu hoja mbili na kuiruka moja alirudishiwa karatasi bila alama.