Siku moja chini ya begi la gofu, Lubumbashi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Septemba, mvua bado, vumbi jekundu limelala juu ya majani, mijakaranda imeanza kutoa maua. Mjini hapa ukitaja Golf watu wanafikiria mtaa wa nyumba zenye kuta ndefu. Wanaojua kwamba kuna mpira mdogo unapigwa huko wanamchukua kedi, mbeba fimbo za mchezaji, kama punda wa begi. Haya, punda, yaani mimi, aanze kwa kuhesabu: fimbo zisizidi 14. Ya 15 ikigunduliwa ndani ya begi, mchezaji anaongezewa mapigo 2 ya adhabu kwa kila shimo aliloibeba, mwisho 4, na atakayetazamwa vibaya ni kedi.

Saa kumi na mbili: taulo moja linaloweshwa upande mmoja, brashi mfukoni, kisha kuzunguka kuona vishimo vimehamishiwa wapi leo.

Saa moja anakuja mama mmoja ambaye hajawahi kusumbua mtu. Dakika ishirini kwenye grini ya mazoezi (grini ni majani yaliyonyolewa kabisa yenye kishimo), macho juu ya mpira, mabega ndiyo yanayosogeza fimbo, viganja vimetulia. Anapima mwendo kwanza, mwelekeo baadaye. Ana akili. Uwanja wa mashimo 18 na mapigo 72 umekadiriwa mapigo mawili ya grini kwa kila shimo, yaani 36, nusu nzima ya mchezo. Ukikosa mwelekeo kidogo mpira unabaki karibu na kishimo. Ukikosa mwendo unabaki mita tatu, na hapo ndipo pigo la tatu linapozaliwa.

Saa tatu anafika mzee ninayemwita Papa wa dreva. Dreva ni ile fimbo ndefu ya kupigia mbali.

Hataki kitu kingine. Mipira hamsini ya mazoezi, yote dreva, na yote inakata kona kulia kama teksi iliyokosa breki. “Kijana, upepo,” anasema. Hakuna upepo. “Papa, uso wa fimbo umefunguka.” Anapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Ugonjwa wake uko hivi. Mpira unaanza safari karibu kabisa na pale uso wa fimbo ulipotazama wakati wa kugongana. Kinachoupinda ni fimbo yenyewe kupita njia tofauti na hiyo: inatoka nje, inakata kuja ndani kwenye miguu yake. Akiona mpira umekwenda kulia, anageuza mabega alenge kushoto zaidi, kwa hiyo anakata zaidi, kwa hiyo unapinda zaidi. Anajitibu kwa sumu ileile.

Dawa ina hatua tatu. Kwanza mkono wa kushoto: akitazama chini aone vifundo viwili au vitatu vya vidole, yeye anaona kimoja. Pili, kofia ya dreva, kifuniko cha kichwa chake, inalazwa nyuma kidogo ya mpira, upande wa nje. Fimbo ikija kwa njia mbaya inaigonga, na mwili unajifunza kuliko ungejifunza kwa maneno. (Hapa kwenye mazoezi tu. Mchezoni kuweka kitu hivyo ni adhabu.) Tatu, tii, kijiti cha kuwekea mpira, iinuliwe hadi nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha fimbo, na mpira uwe usawa wa kisigino cha kushoto. Dreva inaugonga mpira ikiwa imeanza kupanda. Fimbo za chuma ni kinyume: zinaugonga zikiwa bado zinashuka, ndiyo maana kovu la majani linatakiwa kuwa mbele ya mpira. Kovu likiwa nyuma, umepiga ardhi kwanza.

Papa anagonga kofia mara nne, anaitupa pembeni, anasema twende uwanjani.

Shimo la kwanza, kulia, kwenye majani marefu. Kutafuta ni dakika 3, tangu 2019. Zamani zilikuwa 5, na yeye anaishi zamani. “Tafuta, tafuta!” Muda umekwisha, Papa. Inabidi kurudi pale alipopigia, pigo moja la adhabu juu. Anatembea akinitazama kama niliumeza.

Shimo la nne mpira uko hatua tano tu nje ya grini, majani mafupi, njia wazi. Anaomba weji, fimbo ya kuinua mpira juu, yenye mlazo mkubwa kuliko zote, anataka kuuinua kwa mkono. Kichwa kinapanda, ukingo wa fimbo unaupiga kiunoni, mpira unavuka grini yote. Namkabidhi fimbo ya chuma namba 7: miguu karibu, uzito mguu wa mbele, mpira nyuma kidogo, mikono mbele yake, halafu sukuma kama uko kwenye grini. Mpira unakwenda kidogo tu hewani, njia iliyobaki unajiviringisha wenyewe. Unasimama mita moja na kishimo. Anasema ni bahati.

Kisha bunka, lile shimo la mchanga. Fungua uso wa weji *kwanza*, ndipo ushike. Ukishika kisha ukazungusha viganja, vitarudi vilipokuwa. Zika miguu kidogo. Fimbo isiguse mchanga nyuma au mbele ya mpira kabla ya pigo, hiyo ni adhabu. Ingia sentimita 5 nyuma ya mpira na usisimame, kwa maana mchanga ndio unaoubeba mpira. Anasimama. Mpira unasogea kiganja kimoja. Mara tatu. Mvua zitakapofika mchanga utashikana, tako la weji litadunda, na itabidi uso ufunguliwe kidogo tu. Lakini hiyo ni ya mwezi wa kumi na moja.

Reki naishika mimi.

Saa nane, au imepita. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) chini ya mti, mabega yamekufa, begi la pili linangoja. Mchezaji wa alasiri hana matata, au labda sina tena nguvu ya kuyaona.

Jioni ni kusugua mifereji ya uso wa fimbo, mmoja mmoja, kwa maana udongo ukijaa humo mpira haushiki grini. Weji ya Papa ni safi, karibu mpya. Dreva imechubuka yote. Kabla ya kuingia garini ananiuliza kama ninajua mtu anayeuza nyingine, ndefu zaidi.