Siku moja maishani mwangu: usiku bila kidonge

Saa 11 alfajiri, kabla sijanawa uso, napiga simu kijijini Mvumi, kwa mke wa mgonjwa wangu wa leo.

"Shikamoo mama. Mzee hajameza dawa?"

"Marahaba mwanangu. Hajameza tangu jana jioni. Na hajalala."

Jibu hilo ndilo ninalolihitaji, na linaniuma kila mara. Mimi ni muuguzi kwenye utafiti wa magonjwa ya kutetemeka hapa Dodoma. Kwa mwenye Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, zinakufa, na dawa ya levodopa huziba pengo hilo. Ili tujue dawa inamsaidia kiasi gani, kwanza tumwone bila dawa, baada ya muda wa saa kumi na mbili tangu kidonge cha mwisho. Maana yake ni usiku mzima mtu hawezi hata kujigeuza kitandani.

Saa 1:40 asubuhi mzee anashuka kwenye bajaji, mkewe kamshika kiuno. "Mbukwenyi," namsalimu. Anaitikia kwa sauti ya chini, uso hauchezi. Mama anasema majirani wanadhani mzee siku hizi ana kiburi. Hana kiburi hata kidogo. Ni misuli ya uso imekakamaa.

Namsomea upya fomu ya ridhaa, namkumbusha ana haki ya kukataa hata sasa. Anasaini. Herufi ya kwanza ni kubwa, zinazofuata zinasinyaa hadi ya mwisho ni kama mguu wa sisimizi.

Saa 2 tunapima. Agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, haraka, kwa upana. Mara ya kwanza vizuri. Ya nne mwanya umepungua. Ya saba vidole vimegandana, anavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akunje mikono kifuani ainuke: anarudi kitini mara tatu. Mlangoni miguu inagoma kabisa. Nikishaandika alama, nabandika utepe mwekundu sakafuni, namwambia, "Uvuke huo, babu." Anauvuka! Jicho likipata mstari wa kufuata, mguu nao hupata njia.

Saa 2:35 anameza kidonge kwa maji, tumbo tupu, maana protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Mlenda wa karanga utasubiri.

Tukingoja, ananiuliza kuhusu "ule waya wa kichwani" aliousikia redioni. Namweleza kwamba mwaka 1987 daktari Alim-Louis Benabid na wenzake, Grenoble, Ufaransa, waligundua kuwa umeme wa kasi, zaidi ya mipigo 100 kwa sekunde, hutuliza mtetemeko. Waya mwembamba huingizwa ndani ya ubongo, betri hukaa chini ya mtulinga. Hauponyi, seli zinaendelea kufa. Kwa kawaida dalili zinazotii levodopa ndizo zinazotii umeme, isipokuwa mtetemeko, ambao huweza kutulia hata dawa ikishindwa. Ndiyo maana tumemnyima usingizi: tukijua dawa inamsaidia kiasi gani, tunakisia kama waya nao ungemsaidia. Pia namwambia wazi kuwa ni ghali na betri hubadilishwa. Sitaki arudi Mvumi na tumaini nililompa mimi bila kujua bei yake.

Saa 3:30 anainuka mara moja tu. Vidole vinagongana mara kumi, zote kumi. Anafunga vifungo vya shati mwenyewe, mama anageukia dirishani akijifuta macho kwa kanga.

Mchana wote naingiza takwimu.

Saa 1 jioni napiga simu Kongwa, kwa mgonjwa wa kesho. "Shikamoo mama. Meza kidonge sasa. Cha mwisho hadi kesho tuonane."